Siku Amongin Alipolicheza Jengo la Jamiru

Mlango wa gari ukibamizwa popote pale Busia, Amongin alishtuka, hata kama yuko jikoni anageuza mandazi. Hakuzaliwa mwoga. Kwao Amukura walimjua kuwa msichana wa kwanza kuingia uwanjani akogo zikianza kulia, zile ala ndogo za vyuma zinazochezwa kwa vidole gumba, na wa mwisho kutoka. Lakini mwaka wa sabini na nne alivuka mpaka na kaka yake Ongodia kwenda Tororo kutafuta vipuri vya baiskeli, na mbele ya duka wanaume wawili wenye miwani ya giza wakamwita kaka yake kwa jina. Ongodia aliitika. Wakamshika mikono, wakamtia kwenye buti ya gari, wakaibamiza.

Amongin alikuwa ng'ambo ya barabara akinunua karanga. Hakupiga kelele. Miguu ilimkataa, sauti nayo ikamkataa, na alipopata nguvu za kutembea, gari lilikuwa limeshapotelea mbali. Ongodia hakuonekana tena.

Tangu siku hiyo hakucheza. Alihamia Busia mjini, akapanga chumba kwa Selpha, mjane wa Kikhayo aliyeuza samaki wakavu, akaanza kuwapikia mafundi wa ujenzi chai na mandazi. Hata huko kwenye mjengo alichagua kwa uangalifu pa kuweka jiko: mgongo ukutani, uso barabarani. Wakati ule watu wa serikali ya ng'ambo ya mpaka walikuwa wakivuka mchana kweupe, wakinywa soda madukani kama wageni wengine, kisha wanauliza habari za mtu fulani. Na mara nyingi mtu huyo hakulala kwake tena.

Mjengo ulikuwa wa Jamiru, mwenye duka la nguo na malori, aliyetaka Busia ipate ukumbi wake wa harusi na bendi. Ramani ilichorwa na Callistus Wandera, kijana wa Nambale aliyesomea usanifu wa majengo Nairobi. Callistus aliinua ukumbi juu sana, akauzungushia roshani pande zote, akaweka ngazi mbele na ngazi nyingine nyuma, na sehemu kubwa ya kuta akaijenga kwa matofali ya matundu ili upepo upite. Hakujua kwamba sauti nayo ingepita. Amongin akiita, "Chai tayari!" sauti ilipanda, ikazunguka roshani, ikamrudia kisogoni, naye akageuka moyo ukimdunda, akidhani kuna mtu amemwita.

Mwanzoni mwa sabini na saba Jamiru alimleta mtu mmoja mrefu, mvi kichwani, akawaambia mafundi kwamba huyo ni Ayub, jamaa wa mke wake, atalinda saruji. Lakini alilala na kisanduku cheusi kama mto wa kichwa. Haikuchukua muda wote wakajua kilichomo. Ayub alikuwa mpiga saksafoni katika hoteli za Kampala, jazi ya Wamarekani weusi aliyojifunza kwa kusikiliza santuri. Mkubwa mmoja wa jeshi alimwamuru apige kwenye karamu yake, siku ileile bendi ilipokuwa inamzika mpiga ngoma wao. Ayub hakwenda. Alivuka mpaka kupitia mashamba ya mihogo, saksafoni begani.

Mchana mmoja mvua kubwa ilinyesha, mafundi wakajibanza chini ya roshani. Labda kwa sababu mvua ilikuwa inafunika kila kitu, Ayub aliifungua saksafoni, akasimama katikati ya ngazi ya nyuma, akapuliza noti moja ndefu. Noti ile haikufa. Ilipenya matundu ya ukuta, ikatokea upande wa mbele, ikashuka juu ya vichwa vyao kana kwamba kuna Ayub mwingine darini.

Callistus alitupa penseli. "Rudia, mzee! Panda kidogo halafu urudie."

Ayub akapanda, akapuliza. Sauti ikabadilika, ikawa nzito, ikatoka pembeni. Callistus akachukua nyundo, akaanza kugonga nguzo taratibu. Ayub akaushika wimbo mdogo, akaupiga kama ulivyo, akauacha, akazurura nao mbali mpaka mtu akadhani ameupoteza, kisha akarudi nao kutoka njia nyingine.

Amongin alikuwa ameshika birika. Bega lake la kushoto lilitangulia. Kisha shingo, ile shingo ya Kiteso inayocheza peke yake kama ya ndege. Aliweka birika chini kwa haraka, kama mtu aliyefumaniwa.

"Kwa nini unaacha, nyabo?" Ayub alimwita, kwa neno la heshima la Kiganda kwa mwanamke.

"Sijui hiyo ngoma. Inaitwaje?"

"Haina jina. Hata mimi siijui, naitafuta. Wewe tembea tu. Ukifika kwenye nguzo, uliza nguzo. Ukifika kwenye ngazi, uliza ngazi."

Mafundi walicheka. Amongin naye alicheka, lakini alitembea. Kukawa na mazoezi kila wakati wa chakula. Callistus alitia alama za chaki sakafuni, mahali sauti inapojaa na mahali inapokauka. Ayub alipiga akitembea, akipotelea ukutani na kuibukia roshani. Amongin aliufuata mwangwi badala ya kumfuata yeye: alijipinda kwenye upenyo wa mlango, akajibandika ukutani, akateleza kando ya nguzo, akapanda ngazi kinyumenyume. Hakuna siku iliyofanana na nyingine.

Kitu kimoja kilimshinda. Kila alipotakiwa kuupa mlango mkubwa mgongo, mwili ulimganda.

"Najua," Ayub alimwambia siku moja. "Mimi pia nasikiliza magari. Noti zangu ndefu zinayumba kwa sababu hiyo. Watu wanadhani ni ufundi."

Jamiru aliyaona mazoezi yale, akapendezwa, akatangaza kwamba ukumbi utafunguliwa Jumamosi mchana kwa onyesho hilohilo. Habari zikafika Nambale, zikafika Malaba. Selpha aliposikia, alikunja uso.

"Huyo mtu wako wa tarumbeta atatuletea gari hapa," alimwambia Amongin. "Mpaka hauna ukuta, mwanangu. Jina likitangazwa hapa, ng'ambo wanalisikia."

Hilo ndilo lililokuwa limemnyima Amongin usingizi.

Jumamosi ilipofika, ukumbi ulijaa kabla ya wakati. Wanawake wa soko, madereva, walimu, Waislamu wa mjini na kanzu zao za Ijumaa. Ukuta wa nyuma wa roshani ulikuwa bado una uwazi mkubwa, mahali mafundi walipokuwa wakipitisha mbao. Amongin alikuwa anafunga leso kiunoni pale karibu na ngazi ya nyuma, Zephaniah mshona viatu akamjia, jasho likimtiririka.

"Dada, kuna Peugeot nyeupe hapo mbele. Watu wawili. Wameniuliza kama yule mzee wa saksafoni ni Mganda. Nimesema sijui. Sasa wameingia, wamekaa karibu na mlango."

Amongin alichungulia kupitia matundu ya tofali. Aliwaona. Mmoja alikuwa amevaa shati la maua, miwani ya giza, na mikono yake imetulia juu ya magoti kama mtu aliye kanisani. Tumbo lilimshika.

Ayub alipoambiwa, aliegemea ukuta. "Basi wamefika," alisema kwa sauti ndogo.

"Kimbia sasa," Amongin alisema.

"Nikikosekana sasa hivi watajua, na gari lao liko barabarani. Watanipata kabla ya Nambale."

Callistus alikuwa amesimama akitazama juu, kwenye kuta alizozichora. "Mbele ya watu wote hawa hawatakushika," alisema. "Watangoja umalize. Basi usimalize. Piga ukitembea kama kawaida. Ukiingia ngazi ya nyuma, hakuna mtu ndani atakayejua sauti inatoka wapi. Panda mpaka kwenye uwazi wa mbao. Nitamwambia Jamiru lori lake lisimame chini. Mimi nitabaki juu na nyundo."

"Na macho yao?" Ayub aliuliza. "Nani atayashika?"

Wote wawili walimtazama Amongin. Alitaka kusema hawezi. Aliifungua midomo, na kama ile siku ya Tororo, sauti haikutoka. Akaingia ukumbini kwa sababu miguu ilikuwa imeshaanza kwenda.

Ayub alianza pale mbele, peupe, akapiga wimbo mdogo. Watu wakanyamaza. Amongin alicheza vibaya mwanzoni. Magoti yalikuwa yanagongana, na mama mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba binti huyu anaumwa. Ayub akasogea kando, akipiga, akazunguka nguzo, akaingia kivulini mwa ngazi ya nyuma. Sauti yake ikapasuka vipande, kipande mlangoni, kipande darini, kipande nyuma ya viti, na watu wakaanza kugeuza vichwa huku na huku wakicheka kwa mshangao.

Yule wa shati la maua hakucheka. Alisimama.

Hapo ndipo Amongin alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika mazoezi. Aliacha katikati ya ukumbi, akateremka kwenye ujia kati ya viti, akaenda moja kwa moja kwa watu wale. Kutetemeka kwake hakukuweza kufichika, basi hakukuficha. Alikuacha kupande kutoka magotini mpaka mabegani, mpaka shingoni, mpaka mwili mzima ukawa unatikisika kwa hofu hadharani, kwa mapigo ya nyundo ya Callistus. Watu walipaza sauti. Walidhani ni ngoma. Mtu yule akienda kulia, Amongin yuko kulia. Akienda kushoto, yuko kushoto, akiona uso wake mwenyewe mara mbili kwenye vioo vya miwani ile.

"Toka," mtu yule alisema kwa sauti ya chini, akamshika mkono. "Yuko wapi?"

Maumivu yalipanda mpaka begani. Kabla hajajibu, kigelegele kikapasuka karibu na sikio lake. Selpha, mjane wa miaka mingi, aliyesema huyu mtu atawaletea gari, alikuwa amesimama na kuanza kucheza, akiubana mwili wake mnene kati ya Amongin na yule mtu. Macho ya Selpha yalikuwa yamemtoka kwa woga, lakini kiuno chake hakikusimama. Nyuma yake wakaja wanawake wa samaki, kisha wa nyanya, na ujia wote ukajaa watu wanaocheza wasichokijua.

Saksafoni ilikuwa imenyamaza. Hakuna aliyejua ilinyamaza saa ngapi, kwa maana nyundo iliendelea, na kuta ziliendelea kuirudisha.

Wale wawili walipofanikiwa kujipenyeza na kupanda ngazi, walimkuta Callistus peke yake akigonga nguzo. Walimpiga kwa kitako cha bastola. Kelele zake zilizunguka roshani na kuwashukia watu kutoka kila upande, na wacheza ngoma wote wakaganda. Kisha Jamiru akaanza kuita askari kwa sauti kubwa, na madereva wakapanda ngazi kwa wingi, na watu wale wakashuka haraka, wakatoka bila kumtazama mtu. Peugeot iliondoka kwa kasi kuelekea mpakani.

Ndipo Amongin alipokaa sakafuni, leso yake imelowa mkojo, na Selpha akakaa mbele yake akimfunika kwa gauni mpaka watu walipotoka.

Ayub alifika Nambale chini ya turubali la lori, kisha Kisumu. Callistus alipoteza meno, na taya lake halikurudi sawa. Jamiru aliogopa, na nani angemlaumu? Akakataza muziki ukumbini mle, akaujaza magunia ya mahindi. Amongin hakuweza kukaa tena Busia. Alikwenda Malaba akawauzia madereva chai, akilala na nguo zake za mchana, meza imeegemezwa mlangoni. Hakuna aliyemfuata. Hilo hakulijua, na kwa mtu mwenye hofu asilolijua ndilo linalomla.

Serikali ile ya ng'ambo ilipoanguka mwaka wa sabini na tisa, alivuka kwenda Tororo kuuliza habari za Ongodia. Aliuliza kambini, akauliza gerezani, akauliza kwa mapadri. Hakupata hata kaburi. Alirudi Malaba, akalia kwa mara ya kwanza kwa sauti kubwa, majirani wakaja wakakaa naye.

Baadaye mwaka huohuo dereva mmoja alimletea salamu: Ayub anapiga Kisumu, amepata ghala la zamani la pamba lenye mwangwi, anawataka yeye na Callistus. Amongin alikaa na salamu hizo kwa muda mrefu kabla ya kumtafuta Callistus.

"Bado naogopa," alimwambia.

"Mimi ninapoona miwani ya jua natapika," Callistus alijibu. "Twende tu."

Walikwenda. Callistus aliligonga ghala lile kuta zote, akatia chaki sakafuni. Watu waliokuja hawakuwa wengi. Ayub alipopuliza noti ya kwanza, tumbo la Amongin lilimshika kama kawaida, na hakungoja liachie. Aliingia nalo, bega la kushoto likitangulia, akaelekea kwenye nguzo iliyokuwa karibu zaidi.