Niliosha Injini ya Mume Wangu, Akaapa Asichokijua

...na ndiyo, ni mimi yule niliyeandika hapa kwenye maoni kwamba wanaume wenye mapenzi ya kweli bado wapo. Narudia, wapo, na wangu ninaye. Admin, jina langu tu lifiche, maana Mwanza ni ndogo.

Nina miaka ishirini na tatu, nimesoma hadi kidato cha nne, nina miezi minne kwenye ndoa na tunaishi Buzuruga. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Jamani, akitoka kazini ananiletea hata ndizi moja ya kuchoma, anaificha nyuma ya mgongo kama mtoto. Nikisikia hatua zake mlangoni moyo unaruka kama enzi za uchumba.

Pendo lake la pili ni kagari kake ka zamani. Yeye na wenzake hushindana kwenye uwanja wa vumbi nje ya mji. Sheria yao kubwa ni kwamba kompyuta ya injini iwe ile ile ya kiwandani. Zile za kununua, zinazopangwa upya ili gari liongezeke nguvu, wamezikataa, kwa sababu ni ghali na wasio na uwezo walianza kujitoa. Aliyependekeza sheria hiyo ni mume wangu mwenyewe. Na kwa kuwa hawana kifaa cha kukagua, mshindi huweka mkono juu ya boneti na kuapa mbele ya wote.

Sasa sikieni ujinga wangu. Wiki ya mashindano alikuwa Geita kikazi. Nikataka akirudi akute gari linang'aa, nikafungua boneti nikapiga maji ya mpira mpaka ndani kabisa. Gari halikuwaka tena. Nikamwita fundi wake wa magari, akashika kichwa.

"Shemeji, umeua kompyuta."

"Si utafute nyingine kama hiyo!"

"Kama hiyo ni mpaka iagizwe Dar, na mashindano ni Jumapili. Ninayo ile ya kupanga. Naiweka ndani ya kasha la zamani, nani atajua?"

Bei yake ilinitoa jasho. Tulikuwa na mtamba wa ng'ombe, zawadi ya harusi kutoka kwa mjomba wangu wa Sengerema, aliyekuwa akitufugia. Nikampigia mjomba amuuze, nikamsihi asimwambie mtu. Pesa ikaja, fundi akaifunga kompyuta hiyo kabla mume wangu hajarudi.

Jumapili mume wangu akashinda. Alininyanyua juu mbele ya watu. "Mke wangu, umeliosha gari limepata baraka!" Kisha akaweka mkono kwenye boneti akaapa kwamba injini na kompyuta yake ni za kiwandani, Mungu shahidi wake. Aliyeshika nafasi ya pili, mwalimu mstaafu mwenye gari bovu kuliko letu, akampa mkono. "Kijana, kwako sina wasiwasi. Wewe ndiye uliyetutetea sisi wanyonge."

Mimi ndiye niliyeshika kikombe.

Tangu siku hiyo chakula hakipiti. Yeye anadhani nina mimba, ananiletea maembe mabichi na kulisimulia tumbo langu habari za ushindi wake. Anavyozidi kunipenda ndivyo ninavyozidi kuumia. Nikisema, namjua, atarudisha kikombe na kusimama mbele ya wenzake kama mwongo, kwa kosa langu. Nikinyamaza, ataapa tena juu ya uongo niliouweka mimi. Fundi ananiambia, "Tulia shemeji, utavunja ndoa changa."

Mlionitangulia kwenye ndoa, nishaurini, nianzie wapi kumwambia? Nitukaneni kidogo, lakini nijibuni haraka. Jana amempigia mjomba mbele yangu, akaweka spika.

"Shikamoo mjomba! Mtamba wetu anaendeleaje?"

Mjomba akaitikia salamu tu. "Marahaba, mkwe. Ninyi njooni tu."

"Tunakuja, mjomba," mume wangu akasema, huku amenishika mkono. "Kabla mwezi huu haujaisha, mimi na mke wangu tutavuka kuja kuwasalimia."