Nililia Kuliko Watoto wa Marehemu

Mimi ni mwigizaji wa teatre hapa Bunia, na sifichi: Ituri nzima hakuna anayenishinda kulia. Hawanipi kamwe nafasi ya mfalme wala ya bwana arusi. Wananipa yatima, au mlevi aliyefukuzwa na mke. Hata vijana waliotoka Kisangani na kamera yao walinichagua nilie katika filamu yao ndogo.

Wiki iliyopita akafariki muzee mwenye ukumbi tunamochezea. Nikaenda matangani, nikajitupa chini karibu na jeneza. "Baba! Unaniachia nani?" Wanawake waliokuwa wamenyamaza wakaanza kulia upya. Moyoni nilijisifu, machozi yakiendelea.

Wadogo zake marehemu wakanitazama pua, wakanong'onezana, kisha wakaniketisha mkekani pamoja na watoto wake. Wakaninyoa kichwa kama wao. Mimi nikadhani hivyo ndivyo msanii anavyoheshimiwa, nikainamisha kichwa vizuri wembe upite.

Ndipo mjane akaniinamia. "Mutoto, usiogope. Siye tulijua muzee alizaa inje. Mama yako ni nani?"

Kule kwa wapishi kifuniko cha sufuria kikaanguka. Mama yangu alikuwa amesimama na mwiko mkononi.

"Ni miye!" akapiga kelele. "Na baba yake iko muzima, iko pale anakunywa chai!"

Watu wote wakageuka. Baba, ambaye hajawahi kuja kuniona nikicheza, akaweka kikombe chini polepole.

"Ni wangu," akasema. "Na siku yangu ikifika, asilie kidogo kuliko leo."