Njia Katikati ya Uwanja

Mtu asikudanganye kwamba uwanja wetu wa Nyamianda, hapa Uvira, ulikuwa wa mpira. Mpira ulikuwa mpangaji tu, tena mpangaji wa chumba cha uani. Asubuhi wanafunzi walipangwa mistari pale, mchana akina mama walianika mihogo karibu na goli la upande wa ziwa, na Jumapili wanakwaya walifika na spika zao kabla hatujamaliza kipindi cha kwanza. Katikati, kutoka kona moja hadi nyingine, ilipita njia. Aliyetoka ufukweni na mzigo kichwani kwenda sokoni hakuzunguka uwanja. Azunguke kwa nini? Njia ilikuwepo kabla ya magoli.

Kwa hiyo tulikuwa na sheria ambayo hakuna refa aliyeisoma kokote. Wa kwanza kumwona mtu mwenye mzigo alipaza sauti: "Njia." Papo hapo kila mmoja alisimama alipo. Mwenye mpira aliukanyaga, mabeki walinyoosha mikono kuwazuia walio nyuma yao. Mama alipita taratibu, akatusalimu, pengine akatucheka, ndipo mchezo ukaendelea. Asiyesimama alimbebea mama huyo mzigo hadi mwisho wa safari, na watazamaji wakimsindikiza kwa mbinja. Sheria ilianza tukiwa wadogo, siku mpira ulipompiga mama mmoja mwenye beseni la mawese. Nilimwona akikaa chini katikati ya mafuta yake, hajaumia, akijaribu kuyachota kwa viganja. Tangu siku ile hakuna aliyebishana na sheria hiyo.

Rafiki yangu alikuwa beki wa kati. Kwao ni Bwegera, kwa wakulima wa mpunga. Uvira alikuja kusoma, akakaa kwa mjomba wake, nyumba ya pili kutoka kwetu. Mimi nilikuwa mshambuliaji, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa hasira. Nilipogombana na refa, yeye ndiye aliyenivuta kando kwa jezi na kuniambia niyameze maneno yangu. Mara nyingi niliyameza.

Ndipo kocha wa timu moja ya kulipwa ya Bujumbura akatuona tukicheza, akatuita sote wawili tujaribiwe. Alituambia waziwazi: nafasi ya mchezaji wa kigeni imebaki moja. Tukatazamana, tukacheka kama watu walioambiwa wagawane shati. Mimi nilicheka kwa sauti kubwa kuliko yeye, kwa sababu niliogopa kuliko yeye. Shule ilikuwa imenishinda, na biashara ya vitenge ya mama yangu sikuipenda. Nje ya mpira sikujua nitakuwa nani.

Asubuhi ya majaribio tulivuka mpaka, tukafika kwenye uwanja wa nyasi bandia. Nilishtuka, sina neno lingine. Niliinama nikajaribu kung'oa jani moja, likanigomea. Chini yake kulikuwa na punje nyeusi za mpira, ambazo hadi leo nazikuta ndani ya soksi, kitandani, hata kwenye sahani. Joto lilipanda kupitia soli za viatu. Nilipopiga pasi ya kwanza, mpira ulikwenda nilikoutuma, bila kugonga jiwe, bila kubadili nia. Maisha yangu yote nilikuwa nikicheza na mpira mkaidi, na sasa huu mtiifu ulinichanganya. Kuzunguka uwanja wote kulikuwa na uzio mrefu wa waya, na geti lilifungwa kwa kufuli.

Rafiki yangu alitazama uzio huo kutoka pembe hadi pembe. "Sasa bantu wanapitiaka wapi?" akaniuliza.

"Hapa hakuna muntu anapita," nikamjibu. "Iko ya mupira tu."

Akatikisa kichwa, kama aliyeambiwa kwamba kuna nyumba isiyo na mlango.

Tuligawanywa katika timu mbili. Yeye akapewa kazi ya kunikaba mimi. Mazoea yana taabu: alijua kila ujanja wangu kabla mguu wangu haujaujua. Mara ya kwanza aliponinyang'anya mpira nilitabasamu. Mara ya tano nilitaka kulia. Nilianguka, nyasi zile zikanichuna ngozi ya goti kama moto, na yeye ndiye aliyenipa mkono niinuke. Pembeni kocha alikuwa akiandika katika daftari lake, na kila akiinua macho alimtazama yeye. Nilijua nimekwisha.

Zilibaki dakika chache. Mpira mrefu ukatupita juu, tukakimbia bega kwa bega, naye akaanza kunitangulia. Nikafungua mdomo.

"Njia."

Sikuwa nimepanga. Naapa sikuwa nimepanga, ingawa najua kiapo hicho hakinisaidii. Nilisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine, nikapigwa na butwaa huku miguu ikiendelea kukimbia. Wachezaji wa Bujumbura hawakushughulika, neno hilo kwao halikuwa na maana. Yeye alisimama. Alikita mguu, akanyoosha mikono miwili kuwazuia walio nyuma yake, akageuza kichwa huku na huku akitafuta nani anapita. Mimi nilibaki na kipa peke yetu, nikafunga.

Kocha alimwita mbele ya wote, akamuuliza kwa nini amesimama. Akajibu kwa utulivu: "Kulikuwa muntu alikuwa anapita." Wakacheka. Mmoja akamwonyesha kufuli la geti. Kocha hakucheka, alimtazama kama mgonjwa, kisha akafunga daftari. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Ningeweza kusema. Nilifunga kamba za viatu vyangu, ambazo hazikuwa zimefunguka.

Jina langu ndilo lililosomwa. Yeye alikuwa wa kwanza kunikumbatia.

Alasiri tulipanga foleni mpakani, tukingoja karatasi zetu zigongwe muhuri. Nilimngoja anitukane. Nilitaka anitukane, nilikuwa nimeandaa hata majibu. Baada ya muda mrefu alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Minye sikumuona. Ilikuwa nani?"

Kumbe hakudhani hata kidogo kwamba neno lile linaweza kudanganya.

"Mama moja," nikasema. "Alikuwa na beseni."

"Alipita muzuri?"

"Alipita."

"Basi iko bien," akasema, akasogea mbele kwenye foleni.

Yeye alirudi Bwegera kulima mpunga na wazazi wake. Mimi nina miaka minne sasa nacheza kwenye nyasi zile, na magoti yangu yanalalamika kila asubuhi. Kila nikija likizo yeye hushuka kutoka Bwegera kunipokea mpakani, hunibebea begi, huniuliza habari za timu. Hajawahi kuniuliza kwa nini mimi sikusimama.