Hitima ya Mama kwa Simu

Marehemu mama yangu hakuwahi kuielewa kazi yangu. Nilimweleza kwamba naendesha programu ya uzamili hapa Johannesburg kwa watu walioajiriwa: wauguzi, wahandisi, mameneja wa maduka. Wanasoma mtandaoni jioni wakitoka kazini, kisha kila muhula wanakuja chuoni kwa juma moja la ana kwa ana. "Hizo jioni wanakaa wapi?" akauliza. Makwao, mama. "Na wewe?" Kwangu, mtaani Mayfair. "Basi hapo mnasoma au mnajificha?"

Nilicheka, lakini alinigusa. Darasa la mtandaoni lilikuwa na sheria moja, na niliisimamia kwa ukali: tukishasalimiana, kila mtu azime kamera na sauti, abaki kusikiliza. Mtandao ukizidiwa tunapotea wote, na wengi walitumia bando la kujinunulia wenyewe. Sheria hiyo ilitubeba. Watu walihitimu, waajiri wao wakaleta wengine, vyuo jirani vikaja kuuliza tunafanyaje. Mimi jioni baada ya jioni nilifundisha miraba myeusi, nikimaliza nafunga kompyuta na nyumba inanyamaza. Niseme tu ukweli, nilikuwa mpweke. Mafanikio hayakai mezani ukala nayo.

Mama alifariki Tanga siku moja kabla ya juma la ana kwa ana kuanza. Alizikwa siku hiyohiyo, kama ada yetu ilivyo. Hata ningepanda ndege nisingemwahi. Hitima ningeiwahi. Lakini wanafunzi walishachukua likizo kazini, wengine walishapanda basi kutoka Durban na Polokwane, na wa kunishikia zamu hakuwepo. Dada yangu mkubwa akasema, "Usijali, mdogo wangu. Siku ya hitima tutakupigia kwa video, usome pamoja nasi." Nikaishikilia ahadi hiyo, maana sikuwa na kingine.

Siku yenyewe mwanafunzi mmoja, mhandisi Mkongo wa Lubumbashi, alinikuta koridoni nimeshika msahafu. "Pole, maman," akasema. "Enda tu. Batu bote batakungoya." Wanafunzi wote wakinisubiri darasani, nikajifungia ofisini, nikajitanda mtandio.

Dada alipopiga, simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Nikawaona: mikeka, shangazi, majirani, na pale karibu na mlango alipopenda kukaa mama pamekaa mtu mwingine. Nikawasalimia, wakaitikia, tukalia kidogo. Kisha wakaanza Yasini, na vidole vyangu vikafanya vilivyozoea kufanya kila jioni. Vikazima kamera, vikazima sauti.

Sikugundua. Nilisoma nao kwa sauti, machozi yakinidondoka kwenye ukurasa, na kwa mara ya kwanza tangu nipate habari nilijiona nina wenzangu katika msiba. Yasini ilipokwisha nikamsikia shangazi akiuliza, "Huyu ameshaondoka?" Nikadhani anamsema mtu wa pale ukumbini. Dada akajibu, "Ana darasa. Mwache, ndiyo kazi yake." Hakusema kwa ubaya. Mkono wake ukaja mbele ya kioo, simu ikakatika. Hapo ndipo nilipotazama vizuri na kuelewa nilichofanya.

Nilipiga tena na tena, haikupokewa; walikuwa kwenye dua. Nikanawa uso, nikarudi kufundisha. Wanafunzi walikuwa wakarimu kwangu, wakanisogezea kiti, na mimi nilitamani sana kuwa mahali pengine.

Jioni dada akapokea. Nyuma yake vyombo vilikuwa vinaoshwa, wanawake wanazungumza, mtu anacheka.

"Nilikuwepo, dada," nikamwambia. "Nimesoma Yasini yote pamoja nanyi. Kamera tu niliizima."

"Usijieleze, mdogo wangu," akasema kwa upole. "Kazi ni kazi. Hakuna aliyekulaumu."