Nani Atangulie Rutambiro

Ungemwona Sébastien wa Kinanira, mtaa wa Bujumbura, akifungua duka lake la vipuri asubuhi, ungesema mtu huyu hana neno na mtu. Anasalimia, anauliza hali ya watoto, anakutajia bei ya kichujio cha oili kisha anaipunguza kabla hujaomba. Na kweli si mtu mbaya. Lakini alikuwa na kijiba cha roho, tena si cha jirani wala cha tajiri yeyote wa mjini. Alikuwa akimwonea wivu mkewe.

Mkewe ni Joëlla, muuguzi, na watu wote wanamwita Maman Benite kwa jina la binti yao mkubwa. Sébastien ndiye aliyemfundisha kuendesha gari, zamani, kwenye njia ya vumbi nje ya mji, akimfokea kila alipokanyaga breki. Miaka ikapita. Kituo cha afya alikofanya kazi, huko milimani juu ya mji, kikakosa dereva, na Joëlla akasema basi, chanjo nitazipeleka mwenyewe. Tangu hapo yeye na pikapu nyeupe ya kituo wamepanda vilima ambavyo hata mbuzi hufikiri kwanza. Mwanafunzi alikuwa amempita mwalimu, na mwalimu alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Asingejali sana, anavyosema mwenyewe, kama si lile kundi. Walikuwa marafiki wa parokia moja, Joëlla naye akiwemo, waliopenda kuchukua magari yao makuukuu na kwenda mahali pasipo na barabara, kwa raha tu. Na kwa kuwa Warundi watatu hawawezi kukaa pamoja mara mbili bila kuchagua rais, Sébastien alikuwa rais. Gari lake lilitangulia. Yeye ndiye aliyeamua wapite wapi, na wengine walifuata alama za magurudumu yake. Nje ya duka hakuwa na heshima nyingine duniani, na hii aliipenda mno.

Mara hii safari ilikuwa ya mlima Rutambiro. Christa, mwalimu wa fizikia na kijana kuliko wote katika kundi, alileta habari kwamba kile kituo cha kutazamia nyota kilichoko kileleni kimewekewa darubini mpya, na wageni wanakaribishwa. Shida ilikuwa kufika. Mpando wa mwisho ni udongo mwekundu mtupu. Mvua ikiugusa unakuwa sabuni. Wakakutana kwenye kabare moja, baa ndogo ya Kinanira, kupanga, mbele yao mishikaki, ile inayoitwa brosheti, na ndizi za kuchoma.

"Ile Jumamosi mwezi hautatoka," alisema Christa. "Itakuwa giza ya kweli. Tutaangalia nyota mpaka tushibe."

"Tutaondoka kisha ya kazi za jamii za asubuhi, barabara zikifunguliwa," alisema Herménégilde, mstaafu wa serikali, ambaye ndiye mwandishi wa kundi na hapendi jambo libaki hewani. "Sasa, nani atatangulia?"

Sébastien akakohoa kidogo, kama afanyavyo mtu anayejiandaa kukubali kitu ambacho amekwisha kupewa.

"Si Maman Benite?" alisema Christa. "Ile njia anaipitaka kila mara na machanjo yake. Juzi tu alitoa kamyo ya mizigo mu matope palepale."

"Ni kweli kabisa!" Huyu alikuwa Mirindi, mfanyabiashara wa Uvira, Kongo, ambaye kila siku yuko njiani kati ya mpaka na soko. "Muache mama atangulie. Siye tutamufuata nyuma kama bata."

Meza nzima ikacheka na kupiga makofi. Sébastien naye akacheka, cheko la jino pembe, huku nyama ikimgeukia mdomoni. Alitazama wanaume wazima wakimtazama mkewe kwa macho ambayo alidhani ni mali yake yeye.

"Apana," alisema Joëlla bila haraka. "Rais ni Papa Benite. Mi nitafuata."

Angejisifu, ingekuwa nafuu. Mtu akijivuna unaweza kumnunia na ukawa na haki. Lakini Joëlla alikataa sifa kama anavyokataa sukari ya pili kwenye chai, na hilo lilimuuma Sébastien hasa. Herménégilde akamaliza ubishi kwa kusema wataamua Jumapili, nyumbani kwa rais, siku ya kugawana mafuta.

Mafuta hayo yana habari yake. Mazutu, ndivyo Bujumbura wanavyoita dizeli, ilikuwa imeadimika tena, na magari yalilala kwenye mistari ya vituo vya mafuta mpaka majani yakaota chini ya magurudumu. Kila mwanakundi alikuwa amehangaika kwa njia yake na kuleta kidogo alichopata. Vyote vilimiminwa kwenye mabido, yale madumu ya njano, na kuwekwa stoo ya Sébastien, kwa sababu nani atunze mali ya wote kama si rais?

Alhamisi Joëlla aliondoka akisema ana semina mjini siku nzima. Sébastien alibaki amesimama stoo akitazama mabido. Wazo lilikuwa limekuja tangu usiku na halikutaka kuondoka. Akienda Rutambiro leo peke yake, akaupanda ule mpando mara mbili tatu, akajua kila shimo, basi Jumapili atasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ile njia? Naijua." Na nani atabisha? Gari lake halikuwa na mafuta. Akachukua bido moja la kundi. Akajiambia litakalopungua atalirudishia. Akachukua na la pili, la akiba.

Mpaka chini ya mpando alifika vizuri, akiimba. Asubuhi kulikuwa kumenyesha. Aliingiza gia ya magurudumu yote manne, akakanyaga, gari likapanda kwa nguvu mpaka kwenye kona, na hapo likaanza kwenda ubavu. Kilichofuata si cha kusimulia mbele ya mafundi. Kadiri alivyokanyaga ndivyo lilivyozama, na kadiri lilivyozama ndivyo alivyopandwa na hasira na kukanyaga zaidi. Akamimina na bido la akiba. Injini ikanguruma mchana kutwa na kunywa mazutu ya watu bila kusogea hatua.

Wakulima wa kilima walikuwa wamekusanyika. Walisukuma, wakachafuka, wakacheka, wakasukuma tena. Mwishowe mzee mmoja akafuta mikono yake na kusema kwa Kirundi asiwe na wasiwasi, wamekwisha kumpigia simu Muganga wa gari jeupe, yaani mtu wa kituo cha afya; yeye ndiye anayetoa magari hapa.

Sébastien alitamani ardhi imalizie kazi iliyoianza. Akaomba moyoni awe muganga mwingine, wa kiume, wa mkoa mwingine. Kumbe semina ilikuwa imeahirishwa, na Joëlla alikuwa amepanda kituoni kama kawaida. Pikapu nyeupe ikatokea kwenye kona polepole, ikapita pembeni mwa matope kana kwamba kuna barabara pale ambayo yeye peke yake anaiona. Akashuka, akamtazama mumewe kuanzia nywele mpaka viatu.

"Umekula?" akauliza.

Hakuuliza kingine. Akafunga kamba, akaomba mawe yawekwe hapa na hapa, akavuta kidogo, akasimama, akavuta tena. Gari likatoka. Watu wakashangilia, na yule mzee akampiga Sébastien begani, akimuuliza kama kweli huyu ni mkewe, maana ana bahati. Sébastien akasema ndiyo, ana bahati, na neno hilo likamkwama kama mwiba wa samaki. Kutoka pale mpaka Kinanira aliendesha nyuma ya mkewe, akifuata alama za magurudumu yake.

Siku mbili zilizofuata alizunguka mji mzima akitafuta mazutu na hakupata hata ya kuwashia taa. Joëlla hakutaja matope. Alifua suruali, akaianika, basi.

Jumapili baada ya misa kundi likajaa uani kwake. Herménégilde aliingia stoo kuhakikisha mafuta na akatoka na bido kwa kidole kimoja, jinsi lilivyokuwa jepesi.

"Mawili ni matupu," alisema. "Nani amekunywa mazutu yetu?"

Sébastien akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa.

"Ni mi," alisema Joëlla. Alikuwa akigeuza brosheti kwenye jiko na hakuinua hata kichwa. "Gari ya chanjo iliishiwa. Nilikamata bila kuuliza. Munisamehe."

Manung'uniko yakaanza. Mirindi akasema kwa uchungu, "Maman Benite, ata kutupigia simu? Mi nilibeba ile mazutu toka Uvira na mikono yangu!" Mwingine akasema ndiyo maana vitu vya wote havikai nyumba yenye mwanamke. Christa akainamisha uso kwa aibu ya shujaa wake. Na Herménégilde, akisawazisha koti, akasema kwa hali hii nadhani tumejua nani hatatangulia.

Hapo Sébastien alifurahi. Tuseme kweli, alifurahi. Kitu kitamu kilimshuka kifuani alipoona yale macho yakimwacha mkewe na kurudi kwake. Utamu wenyewe haukukaa. Alimtazama Joëlla akiongeza chumvi, mtulivu, amebeba mzigo wa mtu mwingine kama abebavyo sanduku la chanjo, na akaelewa kwamba amepitwa tena. Kuendesha alikuwa amempita. Sasa hata katika wema amempita, mbele ya macho yake, bila jasho. Hili hakuweza kulivumilia. Hakusimama kwa sababu ya dhamiri. Ni wivu uliomsimamisha.

"Naomba neno," akasema, kwa kuwa mtu wa Bujumbura hata akitaka kujizika huomba neno kwanza. "Joëlla hakuchukua kitu. Ni mi. Nilienda Rutambiro peke yangu ile Alhamisi, kujifunza ile njia, sababu nilikuwa nawaza mutamuchagua yeye. Nikazama mu matope. Yeye ndiye alikuja kunitoa. Mazutu nilimaliza mi."

Wote wakamtazama. Mirindi akawa wa kwanza kutikisa kichwa, na tabasamu likimpanuka taratibu.

"Mumusikie," alisema. "Ona namna mwanaume anafunika kosa la bibi yake!"

"Apana, apana, mi nasema kweli—"

"Papa Benite, tumekuelewa," alisema Herménégilde, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Miaka arobaini ya ndoa, mimi sijawahi kufanya hivi. Mazutu tutatafuta tena, kila mutu alete kidogo. Lakini we ndiye utatangulia, ni haki yako."

"Siwezi kutangulia! Ule mpando ulinishinda. Muulize! Joëlla ndiye anauweza, yeye atangulie."

"Na heshima yote anamupatia tena!" alisema Christa, akisimama. "Akina mama, mumeona?"

Makofi yakapigwa uani mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta. Ikaamuliwa kwa sauti moja kwamba Maman Benite atatangulia, si kwa ustadi wake, ila kwa sababu mume kama huyu hakataliwi ombi. Sébastien akamgeukia mkewe, mtu pekee pale aliyejua kwamba amesikia ukweli. Joëlla alikuwa ameweka koleo chini na yeye pia anapiga makofi, taratibu, akimtazama usoni.

Sébastien akakaa. Walikuwa wakimsifu mume mmoja anayempenda mkewe kiasi cha kubeba kosa lake na kumpisha mbele. Akatabasamu, akapokea bia waliyomfungulia, na akamwonea wivu mume huyo kuliko alivyowahi kumwonea mtu yeyote.