Taa ya Mzazi

Umeme mimi sikukua nao. Kwetu Kiranjeranje tulikuwa na koroboi moja ya kopo la maziwa, mafuta yakiisha tunalala. Umeme nilikutana nao Lindi mjini, nikiwa na mume na mimba ya kwanza, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na mita moja.

Nyumba yenyewe nitaieleza, maana bila hivyo mtanisikia tu mkipita. Ukumbi ulikatiza katikati kutoka barazani mpaka uani, vyumba vitatu upande huu, vitatu upande ule. Kuta za kutenga vyumba hazikufika juu. Zilikomea pale mkono wa mtu mrefu unapofika, halafu ni boriti na bati. Jirani akipiga chafya unamwombea dua bila kuinuka kitandani. Kila chumba kilikuwa na globu moja. Bili ikija tuligawana kwa globu, sawa kwa sawa, isipokuwa chumba cha jirani yangu wa ukutani, ambacho kilihesabiwa globu mbili kwa sababu ya pasi.

Jirani huyo alikuwa mwanamke wa kutoka kijiji cha Sudi, ameachwa na mumewe, amenizidi kama miaka kumi. Nilimwita dada. Alikuwa na pasi ya umeme aliyoinunua kwa watu waliokuwa wanahama mji, na kwa pasi ile alikula, alivaa, na alimpelekea mama yake unga. Wapiga pasi wengine walitumia pasi za mkaa. Cheche ikiruka shati jeupe limetoboka, na hakuna wa kumlaumu ila upepo. Yake haikuwa na cheche, basi watu wa ofisini wote walileta kwake.

Mwenye nyumba alikaa chumba cha mbele. Alikuwa mjane mtu mzima, tukimwita Bibi. Wajukuu zangu husema mimi mkali. Hawakumwona yule. Mita ilitundikwa ukumbini mkabala na mlango wake, na kila akitoka aliitazama kabla hajasema bismillahi.

Nilijifungua salama, mtoto wa kike. Mume wangu, aliyekuwa mpima mizani kwenye ghala la korosho la ushirika, akatuma habari kijijini, na mama yangu akaja juu ya lori na kuku wawili, gunia la makopa ya muhogo, na amri zake. Mwanamke aliyetoka kujifungua, yaani mzazi, hatoki nje siku arobaini. Hashiki ufagio. Anakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, anakunywa uji wa pilipili manga mpaka atokwe jasho. Dirisha linazibwa, nasi tulilizibia blanketi. Na taa ya mzazi haizimwi, usiku wala mchana, mpaka arobaini itimie. Mtoto mchanga haachwi na giza.

Mama hakuwahi kulala chini ya globu. Siku ya kwanza aliizunguka akiitazama kwa chini, mikono nyuma, kama anayenunua mbuzi.

"Haina tangi," akasema. "Inakula nini?"

"Umeme, mama."

"Nao umewekwa wapi?"

Sikujua umewekwa wapi. Yeye akaguna, akasema Mungu ni mkubwa, ameumba moto usio na njaa. Tangu hapo hakuigusa swichi. Nami nilikuwa nimelala, mtoto kifuani, uji tumboni, mama yangu mwenyewe akinihudumia kama mwana wa sultani. Sijapumzika vile tena maishani. Mtu aliyeshiba hahesabu kuni.

Mume wangu siku zile alilala kwa mwenzake wa kazini. Alifika mlangoni jioni na samaki, akainamisha kichwa kumwamkia mkwewe, akauliza mtoto hajambo, akaenda zake. Mkwe hatazamwi usoni, seuze kuambiwa azime taa.

Mwezi ukaisha, bili ikaja. Msomaji wa nyumba nilikuwa mimi. Sikusoma shule. Nilisoma chuo cha Kurani, na tulipotangaziwa kisomo cha watu wazima nilikwenda kila alasiri na tumbo langu mbele, hadi nikajua kusoma karatasi na kuandika jina. Kwa hiyo Bibi, ambaye hakutaka kungoja wanaume warudi kutoka kazini, akaja nayo chumbani kwangu. Akasema mashaallah, akamtazama mtoto, akakaa ukingoni mwa kitanda, akanipa karatasi. Nikaiinua juu kuelekea kwenye globu ili nione vizuri. Nikasoma mara mbili. Ilikuwa karibu mara mbili ya bili ya mwezi uliopita.

Bibi hakupiga kelele. Alisema neno moja tu.

"Pasi."

Nikasema huenda wamekosea kuandika. Akanijibu kuwa mita haisemi uongo kwa sababu haina mdomo. Akaichukua karatasi yake akatoka, na mama akamsindikiza mpaka kwenye pazia akimshukuru kwa kuja kumjulia hali mzazi.

Maneno ya uani niliyasikia yote nikiwa kitandani. Dada alisema wateja wake ni wale wale na mashati ni yale yale. Bibi akasema basi pasi imekua, imeanza kula kama mtu mzima. Mwanamke wa chumba cha nyuma akamuuliza dada kama siku hizi anaipiga pasi na bahari, maana asubuhi ameiona imenyooka sana. Wakacheka. Dada hakucheka, na mimi, nasema ukweli, nilicheka kidogo.

Baada ya siku mbili akaitwa mjumbe wa nyumba kumi. Alikuwa mtu mpole mwenye kofia safi, na kila ugomvi aliutafutia karatasi. Akasikiliza pande zote, akaingia chumbani kwa dada, akaziba soketi kwa karatasi na gundi ya uji wa muhogo, akatia sahihi juu yake. Akasema Ijumaa baada ya sala atarudi, na siku hiyo mama huyu atachagua moja: auze pasi au ahame nyumba. Nyumba ya vyumba sita haiwezi kubeba biashara ya mtu mmoja, akasema, huo si ujamaa. Watu wakaona amesema vizuri. Hayo aliyasema Jumatatu.

Jumanne adhuhuri mama alikwenda kisimani. Wanaume kazini, wengine shambani, nyumba kimya. Nikasikia Bibi anajisemea ukumbini mbele ya mita. Ndani ya mita ile kulikuwa na kisahani kinachozunguka umeme unapotumika, na Bibi hakuelewa kitu: jua kali, pasi imezibwa, dada mwenyewe yuko uani anafua, na kisahani kinazunguka.

Nikatazama juu. Globu ilikuwa inawaka, kama jana, kama juzi, kama siku niliyojifungua.

Nikamweka mtoto, nikainuka, nikabonyeza swichi.

"Kimesimama," Bibi akasema kule nje.

Nikaiwasha tena.

"Aa. Kimeanza tena." Halafu akaanza kusoma dua, na baada ya dua akamwita dada, akamwambia pasi yake ina shetani, inachezea mita ya watu hata ikiwa imefungwa.

Nikarudi kulala. Ningeweza kutoa sauti pale pale, ukuta haukufika juu. Sikutoa. Nilimfikiria mama. Mgeni wa siku thelathini, ameacha palizi yake, amelala chini kwenye mkeka ili mimi nilale kitandani, leo wapangaji wamwite uani wamwambie ametia nyumba hasara. Na mkwewe asikie. Nilimfikiria na mtoto pia, maana nami nililelewa kwa amri zile zile, na giza nililiogopa. Nikanyamaza Jumanne, nikanyamaza Jumatano.

Jambo moja nililiwaza sana. Watu wangapi walikuwa wameingia chumba kile mchana kweupe wakaona taa inawaka? Nyumba nzima. Bibi mwenyewe alikuja kila siku. Lakini taa kwa mzazi ni kama maji mtungini. Ungeshangaa usipoikuta.

Alhamisi dada aliazima pasi ya mkaa, kwa sababu mashati ya watu yalikuwa yamejaa tenga na wenyewe wanayadai. Nikasikia akipuliza mkaa. Nikasikia pasi ikigonga meza. Halafu harufu ya kitambaa kilichoungua ikapita juu ya ukuta ikatushukia. Dada aliikung'uta nguo mara moja, paa. Baadaye nikajua lilikuwa shati la mwalimu.

Jioni ile mama alipokuwa ananikanda nikamwambia. Nilimwambia polepole, uso nimeulaza upande wa ukuta, kwamba ile taa inakula, na inakula kwa saa, ikiwashwa mchana inakula mchana, na kwamba nimeijaribu mimi mwenyewe kwa kidole changu.

Aliendelea kunikanda. Alikaza mkono zaidi.

"Inakula kiasi gani?"

"Kushinda globu za vyumba vingine vyote, mama."

"Na yule mama wa watu anahama kesho."

"Ndiyo."

"Umejua tangu lini?"

"Juzi."

Akanikanda mpaka maji yakapoa. Hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa. Akanifunika, akakausha mikono, akajitanda kanga yake ya kwendea misibani, akatoka uani walikokuwa wanapika. Sauti yake ilikuwa ya kijijini, nzito kwa lafudhi ya Kimachinga, lugha ya kwetu, na aliongea kama anayeita ng'ambo ya shamba.

"Umeme wenu nimeula mimi na mjukuu wangu. Taa yetu haijazimwa tangu nimekuja. Mwacheni huyu mwanamke."

Kisha Bibi akasema, taratibu, si kwa sauti yake ya siku zote, kwamba kila siku ameiona taa ile. Akasema angeikuta imezimwa angegomba yeye wa kwanza.

Haukupita muda pazia langu likafunguliwa. Dada aliingia, akakaa chini, akamchukua mtoto mapajani.

"Nilijua," akasema.

Akanionyesha juu kwa kidole, pale ukuta unapokoma. Mwanga wa globu yetu ulikuwa unamwagikia chumbani kwake usiku kucha. Yake alikuwa haiwashi kabisa, alishona na kukunja nguo kwa mwanga wetu. Hata mchana aliuona mwanga ule juu ya boriti.

"Sasa dada, kwa nini hukusema?"

"Niseme taa ya mzazi izimwe? Mimi, niliyeachwa, nisiye na mtoto? Huyu angekohoa mara moja tu, ningekimbilia wapi?" Akamfuta mtoto mate. "Pasi nitanunua nyingine. Jina la uchawi halifuliki."

Nilimwomba radhi. Akasema nimwombe radhi yule mwalimu, maana shati limetoboka mgongoni.

Mama alinunua koroboi dukani kabla halijafungwa. Alikuwa na sharti: iwashwe kwanza, isimame vizuri juu ya kopo, ndipo swichi ibonyezwe, giza lisipate hata nafasi ya kuchungulia. Tukafanya hivyo. Bibi alikuwa ameamuru globu zote nyingine zizimwe, naye yuko ukumbini na taa ya mkono, anamulika mita.

"Kimesimama," akasema, na nyumba nzima ikasema alhamdulillahi, mpaka na yule wa bahari iliyonyooka.

Ijumaa baada ya sala mjumbe alifika na kalamu yake. Akakuta hakuna wa kuchagua wala wa kuhama. Akapewa habari tangu mwanzo, akaitazama sahihi yake pale ukutani kama mtu anayetazama mtoto wake aliyefanya utundu. Akaibandua mwenyewe, na chokaa ya Bibi ikatoka nayo kipande. Alivua koti lake akamwachia dada alipige pasi, na alilipia.

Bili tuliilipa mume wangu na mimi, kidogo kidogo. Bibi hakutusamehe hata senti, na kwa hilo nilimheshimu. Mume wangu alipoelezwa alisema tu kwamba mkwe ni mkwe, akaongeza zamu ghalani. Kuku mmoja wa mama, yule aliyewekewa arobaini yangu, alikwenda kwa mwalimu badala ya shati. Kwa hiyo mimi nilitolewa arobaini kwa supu ya pweza, na sijaona kasoro yake.

Asubuhi ya arobaini dada alinigongea ukuta, akasema nimrushie kanga yangu mpya kwa juu. Nikairusha. Ikarudi kwa njia ile ile imekunjwa, ina joto bado, haina hata mkunjo. Nikajifunga, nikambeba mwanangu, mama akapuliza koroboi, na nikatoka ukumbini kwa mara ya kwanza. Nilipopita mbele ya mita nilisimama nikaitazama. Kisahani kilikuwa kinazunguka. Chumbani kwa dada pasi ilikuwa inagonga meza, na Bibi, aliyesimama mlangoni kwake, alikitazama na yeye, akaniambia nipite, jua la asubuhi ni zuri kwa mtoto.