Onja Tu, Uone Kama Imeiva

Shangazi yangu Igoki, ambaye sote tunamwita Tata, ndiye fundi wa muratina, pombe yetu ya asali, pale kijijini Kibugu, ila yeye mwenyewe haionji. Hata tone. Humwita jirani aonje, kisha humkazia macho usoni ajue kama pombe imeiva. Mimi mdadisi tangu utotoni, na jambo hili lilinikera kama nyama iliyokwama kwenye jino.

Wiki ya sherehe ya mahari yangu nilimfuata kwenye shamba la chai, nikamuuliza. Hakuacha kuchuma.

"Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru," akasema. "Baba alinipea kibuyu mbele ya wazee, akaniambia, 'Onja tu, uone kama imeiva.' Nikaonja, nikasema imeiva. Wamama wakapiga vigelegele! Kumbe msichana akionja, amekubali bwana. Nani alikuwa ameniambia?"

"Si ungekataa hapo hapo?"

"Nilikataa. Nilisema nimeulizwa pombe, sijaulizwa mtu. Wakasema ni haya za bibi harusi."

Ndivyo alivyoozwa mzee Njura, akakaa naye mpaka akamzika.

"Alikutesa?"

"Hapana. Njura alikuwa mtu mzuri. Hata kabati ni kitu kizuri, kama ulikuwa unataka kabati."

Nilicheka, kisha machozi yakanilengalenga.

Siku ya sherehe baba akaninyooshea kibuyu. Kabla sijakigusa, Tata alikinyakua.

"Hajaulizwa," akasema.

"Igoki, kaa chini," baba akamwambia dada yake. "Atajibu kwa kuonja. Ndiyo mila."

"Mila ni aulizwe kwanza. Kaari, unamtaka huyu Kathuri? Ukisema hapana, hii pombe niliipika mimi, na nitaimwaga mimi."

Kathuri nilimpenda tangu siku aliponibebea kikapu cha majani chai akakiangusha mtoni. Jibu lilikuwa mdomoni. Lakini nilinyamaza makusudi, kwa udadisi tu, nione kama watanisubiri.

Wazee wakakohoa. Mama akanikonyeza. Kathuri akajifuta jasho kwa tai. Tata alikumbatia kibuyu chake, hakunihimiza.

Walisubiri.

"Namtaka," nikasema.

Tata akanikabidhi kibuyu kwa mikono miwili.

"Haya, mwanangu. Sasa onja tu, uone kama imeiva."